Boti ya Mwendo Kasi: Oili Iliyopoa Kupita Kiasi Nayo ni Tatizo

Dashibodi ya boti ya mwendo kasi yenye injini kubwa ya petroli, tuseme V8 ya lita 8.2 ya Kimarekani, huwa na geji mbili za joto. Ya maji ikishafika nyuzi sitini na kitu hutulia hapo mpaka jioni. Ya oili haitulii. Ukitoka gatini iko 40, ukifungua mafuta kwa robo saa inapita 110, ukipunguza inateremka, ukifungua tena inapanda. Nahodha mgeni huangalia ile iliyotulia, akaamini kila kitu kiko sawa.

Anayeijua kazi huangalia ya oili, lakini hata huyo mara nyingi anaiangalia kwa jicho moja tu, la kuogopa moto. Sindano ikigusa 120 anakimbilia dukani kununua kipozeo cha oili kikubwa zaidi. Anakifunga, sindano inashuka hadi 65, roho inatulia. Misimu miwili baadaye injini inafunguliwa na beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zimekwanguka. Moto haukuwahi kurudi. Kilichoziharibu ni oili iliyokuwa haipati joto la kutosha, na ndiyo maana makala hii inahusu pande zote mbili za geji.

Neno moja kuhusu vipimo kabla hatujaendelea. Boti nyingi za aina hii zimetoka Marekani na geji zake husoma Fahrenheit: 180 ni kama 82 kwa Selsiasi, 220 ni 104, 240 ni 116. Hapa nyuzi zote ni za Selsiasi.

Kwanza, kwa nini oili ya boti ipate joto kuliko ya gari lenye injini ileile? Gari dogo likienda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tambarare hutumia nguvu za farasi ishirini au ishirini na tano hivi, hata kama injini yake inaweza kutoa 120. Muda mwingi injini inapumzika. Ikipata mteremko inapumzika zaidi, na upepo unapita chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ukiipoza bure. Baharini hakuna mteremko. Boti hulazimika kusukuma maji kila sekunde, na nguvu ambayo rafadha (propela) inadai hupanda kwa takriban kipeo cha tatu cha mizunguko. Ukiendesha kwa asilimia 80 ya mizunguko ya juu kabisa, injini inatoa karibu nusu ya nguvu zake zote. Kwa injini ya farasi 500 hiyo ni 250, saa nzima bila kupumua, ndani ya sanduku lililofungwa ambamo upepo haufiki.

Pili, mtu anaweza kuuliza: ikiwa maji yako nyuzi 65, oili inapataje 120? Jibu ni kwamba vitu hivi viwili havitembelei sehemu zilezile. Maji hupita kwenye kuta za silinda na kwenye kichwa cha injini. Hayafiki chini ya pistoni, ambayo uso wake wa juu unaweza kukaribia nyuzi 300. Hayafiki kwenye beringi za krenki, wala kwenye springi za valvu. Huko kote anayekwenda ni oili, na kila inapopita inabeba joto kurudi nalo kwenye sampu. Juu ya hapo, oili yenyewe inapokamuliwa kati ya chuma na chuma hujitengenezea joto lake. Kwa hiyo kusema oili ni ya kulainisha ni nusu ya maelezo. Kwenye injini inayofanya kazi nzito, oili ni kipoza-joto kama maji yalivyo, ila chenye kazi ngumu zaidi.

Kumbuka pia kwamba geji inaonyesha joto la oili ikiwa imekusanyika, siyo joto la utando mwembamba ulioko ndani ya beringi. Sampu ikisoma 110, utando ule unaweza kuwa nyuzi 20 au 30 zaidi. Ndiyo sababu 130 kwenye sampu ni habari mbaya hata kama oili yenyewe haijaungua.

Habari mbaya kiasi gani? Chukua oili ya 15W-40 ya kawaida. Ikiwa na nyuzi 40, uzito wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, ni kama sentistoki 110. Ikifika nyuzi 100 inabaki na 14 au 15. Ikifika 130 inabaki na nusu ya hapo. Utando unaoizuia krenki isiguse beringi unakonda pia, na presha ya oili kwenye geji inashuka huku pampu ikiwa nzima. Halafu kuna kuzeeka: kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi ya oili kuungana na oksijeni huongezeka takriban mara mbili. Oili ambayo ingedumu msimu mzima inageuka nyeusi, nzito na yenye tindikali mapema. Oili ya sintetiki huvumilia zaidi, lakini haifuti hesabu hiyo, inaisogeza mbele tu.

Sasa upande wa baridi, ambao hauna mpiga debe.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Sehemu kubwa hutoka kama mvuke kwenye ekzosi. Sehemu ndogo, pamoja na petroli mbichi, hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu. Oili ikiwa juu ya nyuzi 90 hivi kwa muda wa kutosha, maji hayo hugeuka mvuke na kutoka kupitia mpira wa kupumulia, na petroli nayo huondoka kidogo kidogo. Oili ikishinda kwenye 60, vyote viwili vinabaki. Maji yanachanganyika na oili na kufanya ule utelezi wa rangi ya maziwa unaouona ukifungua kifuniko cha kujazia. Petroli inaifanya oili kuwa nyepesi hata ikiwa baridi, na hiyo ndiyo hatari iliyojificha, kwa sababu geji ya joto inaonyesha raha tupu.

Wavuvi wa mchezo wa Malindi na Watamu wanaijua hali hii kwa sura nyingine. Boti yenye injini za nje za stroki nne inakokota kamba polepole kutwa nzima kutafuta sulisuli, thamostati zake, yaani valvu zinazozuia maji mpaka yapate joto, zinafungua kwenye nyuzi hamsini na kitu, injini haipati kazi ya kuipasha oili. Jioni ukichomoa kijiti cha kupimia oili unakuta oili imepanda juu ya alama, wakati hakuna aliyeongeza hata tone. Inusie. Hiyo nyongeza ni petroli.

Kuna jaribio rahisi la maji ambalo halihitaji maabara. Pasha kipande cha bati mpaka kipite nyuzi 120 hivi, kisha dondoshea tone moja la oili kutoka kwenye kijiti. Oili safi hutambaa kimya na kutoa moshi hafifu. Yenye maji hupasuka-pasuka na kurukaruka. Fanya kazi hiyo nje, mbali na boti, maana sehemu ya injini ya petroli siyo mahali pa kuwasha jiko.

Baridi ina ubaya wa tatu usiosemwa sana. Oili nzito ya asubuhi, injini ikisukumwa mapema, hupata shida kupita kwenye filta. Filta au kiti chake huwa na valvu ndogo inayofunguka presha ikizidi, ili injini isikose oili kabisa. Ikifunguka, oili inapita bila kuchujwa. Kwa hiyo yule anayetoka gatini na kufungua mafuta yote dakika ya tatu anasukuma uchafu moja kwa moja kwenye beringi. Subiri oili ifike angalau 60 au 65 ndipo udai nguvu. Geji ya maji itakudanganya hapa, kwa kuwa maji hupata joto mapema kuliko oili.

Kiwango kinachotafutwa, basi, ni kipi? Mafundi wengi wa injini hizi hutaka sampu isome kati ya 85 na 110 boti ikiwa mwendoni. Kufika 115 kwa dakika chache kwenye mashindano siyo balaa. Kukaa 125 ni kutafuta matengenezo. Kukaa chini ya 75 siku nzima pia ni kutafuta matengenezo, ila bili yake inachelewa.

Ugumu wa kukaa katikati unatokana na bahari yenyewe. Boti nyingi hupoza injini kwa maji ya bahari moja kwa moja, na maji ya chumvi yakipashwa sana huacha chumvi na ukoko ndani ya njia zake. Ndiyo maana injini hizo hufungwa thamostati ya nyuzi 60 hivi, baridi kuliko ya gari, ambayo kwa kawaida huzidi 80. Injini yenye mzunguko wa ndani uliofungwa, wenye kipoza-joto chake, inaweza kwenda kwenye 70 au 80 bila hofu. Lakini hata hiyo mara nyingi kipozeo chake cha oili bado kinapata maji mabichi ya bahari, na maji hayo hayajui unataka oili iwe ngapi.

Tufanye hesabu ndogo. Pampu ya oili ikipeleka lita 40 kwa dakika kwenye kipozeo, na oili ikatoka ikiwa imepungua nyuzi 10, joto lililoondolewa ni kama kilowati 12. Maji ya bahari yakipita lita 100 kwa dakika, yatapanda chini ya nyuzi 2 kwa kuchukua joto lote hilo. Maana yake bahari haichoki. Uwezo wake wa kupoza ni mkubwa kuliko tunavyohitaji, na kinachobana ni oili yenyewe, ambayo hupitisha joto vibaya. Upitishaji wake ni takriban robo ya ule wa maji. Ndani ya mirija ya kipozeo, oili inayogusa ukuta wa baridi hunenepa na kung'ang'ania hapo kama uji unaoganda ukingoni mwa sufuria, huku ile ya katikati ikipita ikiwa bado ya moto. Kipozeo kizuri kina mapezi na kona za kuivuruga oili. Kilicho kikubwa lakini laini ndani kinaweza kushindwa na kidogo kilichotengenezwa kwa akili.

Dawa ya kweli, kwa maoni yangu, ni thamostati ya oili, na nashangaa inavyorukwa na watu waliolipa fedha nyingi kwa vitu vya kung'aa. Ni valvu inayokaa kati ya injini na kipozeo. Oili ikiwa baridi inaikatia njia na kuirudisha kwenye injini. Ikifika 82, au 100 na kidogo kutegemea aina, inaanza kuipeleka kipozeoni. Ukiwa nayo, unaweza kufunga kipozeo kikubwa bila kuogopa. Usipokuwa nayo, ukubwa wa kipozeo ni kubahatisha: kilichofaa Agosti kwenye Lake of the Ozarks kule Missouri, ambako maji ya ziwa huwa ya vuguvugu wakati wa mashindano ya kasi, kitaigandisha oili kwenye ziwa la kaskazini mwezi wa Mei. Dubai ni upande mwingine kabisa. Maji ya Ghuba hupita nyuzi 33 wakati wa kiangazi, na kipozeo kilichokuwa na nafasi ya kutosha kwingine kinajikuta kwenye mpaka wake. Pwani yetu, yenye maji ya nyuzi 25 hadi 30, iko karibu na Dubai kuliko na ziwa la baridi.

Maji nayo yanafikaje kwenye kipozeo? Kuna pampu yenye impela ya mpira, yaani gurudumu dogo lenye mbawa, inayovuta kupitia matundu kwenye mguu unaobeba rafadha. Kwenye kasi ndogo pampu ndiyo inayofanya kazi. Kwenye kasi kubwa matundu yanayotazama mbele hugeuka kuwa bomba la shinikizo. Kwa kilomita 50 kwa saa maji yanaweza kusukuma kwa takriban bari 1, na kwa kuwa shinikizo hupanda kwa mraba wa kasi, kwa 100 yanafika karibu na 4, na kwa 160 karibu na 10. Si yote yanayofika ndani, lakini yanayofika yanatosha kupasua hosi na gasketi. Boti za kasi kali hufungwa valvu za kumwaga maji yaliyozidi. Kinyume chake ni pale boti inaporuka juu ya wimbi: rafadha iko hewani, matundu yamevuta upepo, injini imepiga kelele kwa nusu sekunde, na kipozeo kimemeza mapovu. Ruka moja haina neno. Saa nzima ya kurukaruka ndiyo inayopandisha sindano, na fundi anaweza kupoteza siku akitafuta kosa ambalo halipo.

Kosa ambalo lipo mara nyingi ni dogo mno. Legeza kibano cha hosi ya maji inayoingia kwenye kipozeo, ichomoe, mulika kwa tochi. Utaona uso wa duara wenye mirija midogo mingi. Mara nyingi theluthi ya mirija hiyo imezibwa na majani ya bahari, vipande vya gamba, na vipande vyeusi vya mpira vilivyopinda kama kucha. Hivyo vya mpira ni mbawa za impela ya zamani. Iliyovunjika ilibadilishwa, pampu ikafanya kazi tena, ila hakuna aliyezihesabu mbawa zilizotoka. Zilisafiri na maji mpaka zikagota hapo, kwenye mlango mwembamba wa kwanza. Kwenye boti nyingine mlango huo ni kipozeo kidogo cha usukani, kwa hiyo angalia na hicho. Ukibadilisha impela, panga mbawa ulizozitoa mezani. Ikipungua moja, endelea kuitafuta.

Ukishafika hapo, tazama na zinki, vile vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya kipozeo, kama kipozeo chako kinazo, na osha kwa maji baridi ya bomba baada ya chumvi. Chumvi ikitoboa mrija, injini ikiwa inazunguka oili ndiyo inayotoka, kwa kuwa presha yake kwa kawaida inazidi ya maji, na utaona rangi za upinde wa mvua nyuma ya boti. Ukizima, maji ndiyo yanayoingia.

Kuhusu geji yenyewe, swali la kwanza ni sensa imekaa wapi. Ikiwa kwenye sampu inasoma oili ya moto inayorudi kutoka kazini. Ikiwa kwenye njia baada ya kipozeo inasoma oili iliyokwisha kupozwa, na tofauti inaweza kuwa nyuzi 15 au zaidi. Wamiliki wawili wanaweza kubishana gatini, mmoja ana 95 na mwingine 115, kumbe injini zao ziko sawasawa. Bila kujua sensa iko wapi na injini ilibebeshwa kazi kwa muda gani, namba hiyo haina habari ndani yake.

Sindano ikianza kupanda ukiwa baharini, angalia presha ya oili kwanza. Ikianguka ghafla, zima. Presha ikiwa imara na maji bado yanapita, usizime: rudi kwenye mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika na uiache oili izunguke kipozeoni. Ukizima injini ya moto, hasa yenye tabo (turbo), oili iliyosimama kwenye beringi za tabo hugeuka masizi.

Kisha fikiria mambo mawili yasiyohusiana na kipozeo. La kwanza ni oili iliyozidi. Watu huongeza lita moja kwa usalama, na krenki inaanza kuipiga oili kwenye sampu. Kule kupigwa ni joto, na kunaleta povu, na povu halibebi mzigo wala halipozi. Pima boti ikiwa majini imetulia, maana juu ya trela pua ikiwa imeinuka kijiti hudanganya.

La pili ni rafadha. Ikiwa na mwinuko (umbali ambao mzunguko mmoja ungeisogeza mbele) mkubwa kuliko injini inavyoweza, au boti ikiwa imeota kome chini, injini inafanya kazi kama mtu anayepanda mlima na gunia: mafuta yote yamefunguliwa, mizunguko haifiki, na joto linaingia kwenye oili. Injini iliyoandikiwa mizunguko 5,000 hadi 5,400 ikigoma kwenye 4,600 na boti ina mzigo wa kawaida, sugua chini ya boti, jaribu rafadha nyepesi zaidi, na pesa ya kipozeo ibaki mfukoni kwanza.